Shajara ya mradi: kuwafunda viongozi wa makundi ya wafugaji wa kuku Dar kuongoza watu wasiofanana

12 Januari 2025: Tunakoanzia

Mtandao wetu una makundi kadhaa ya WhatsApp na moja la Telegram, yote ya wafugaji wa kuku wa Dar es Salaam: Chanika, Mbagala, Goba, Kigamboni, Bunju, Kitunda. Makundi ya WhatsApp yamefika kikomo cha watu 1,024 na wengine wanasubiri nafasi. Yanaongozwa na watu wapatao thelathini wanaojitolea. Mchana wana shughuli zao, usiku wanajibu maswali ya magonjwa ya kuku kama kideri, gumboro na ndui, na ya bei ya pumba. Hakuna anayelipwa hata senti.

Mwishoni mwa mwaka jana watu walianza kujitoa. Siku hizi mtu akitoka kundini kimyakimya wanaojulishwa ni maadmini peke yao, kwa hiyo wanakundi hawakuona kitu ila sisi tuliona. Tukawapigia simu baadhi yao. Mama mmoja wa Mbagala alisema kila akiuliza swali kuna wanaume wanamfuata inboksi, na wala si kwa habari za kuku. Kijana mmoja kiziwi alituandikia kwamba majibu yote ya maana yanatolewa kwa sauti, naye anabaki kutazama vialama vya kuchezea sauti. Mzee mmoja wa Kitunda alichekwa lafudhi yake mpaka akaacha kutuma sauti. Kideri kilipoingia bandani kwake hakuuliza mtu, na banda likaisha.

Habari ya huyo mzee ndiyo iliyotufanya tuandike andiko la mradi wiki hiyohiyo. Chanjo ya kideri ya tone la jicho hurudiwa kila miezi mitatu na si ghali. Mtu kupoteza kuku wote kwa sababu anaogopa kuchekwa ni jambo ambalo kundi la wafugaji halipaswi kulivumilia.

Fedha: tumechangishana, na duka moja la pembejeo limeongezea. Jumla ni shilingi 2,400,000. Naandika hapa kila hatua ikikamilika, ili kundi lingine lolote, la wafugaji, wazazi au mafundi, liweze kuiga au kukwepa.

26 Januari 2025: Kikao cha Zoom kilichogoma

Tulichukua mafunzo ya kuishi na watu wasiofanana, yaliyoandaliwa Marekani kwa ajili ya wafanyakazi wa ofisini, tukayatafsiri, tukamtumia kila kiongozi bando la shilingi 2,000 (jumla 60,000), tukakutana Jumamosi jana kwa saa mbili.

Hakikushika. Slaidi zilizungumzia rangi ya ngozi, upandishwaji vyeo na usaili wa kazi. Ni mambo mazito kwa waliyoandikiwa, lakini viongozi wetu walisikiliza kwa adabu kama wageni kwenye sherehe ya watu wengine. Mwishoni swali lilikuwa moja: "Sasa hii inahusiana vipi na mtu anayeuliza mbona kuku wake wanakohoa?" Video nazo zilikula bando, wengi wakakatika kabla ya nusu. Na viongozi wetu Wasabato hawakuwepo kabisa, kwa sababu Jumamosi ni siku yao ya ibada. Mafunzo ya kutomwacha mtu nje yalianza kwa kuwaacha watu nje.

Kabla ya kutupa kazi yote nilisoma zaidi. Mwaka 2016 Frank Dobbin na Alexandra Kalev waliandika katika Harvard Business Review kwamba mafunzo ya aina hii yanayolazimishwa mara nyingi hayadumu akilini, na wakati mwingine huwafanya watu wakaidi zaidi. Mwaka 2019 Edward Chang na wenzake walichapisha jaribio la mafunzo ya mtandaoni ya saa moja kwa wafanyakazi zaidi ya 3,000 wa kampuni moja kubwa. Mitazamo ilisogea kiasi kwa baadhi ya watu, matendo yakabadilika kidogo sana. Kwa hiyo tatizo letu halikuwa tafsiri mbaya peke yake. Tulikuwa tunafundisha watu wawaze vipi, wakati kiongozi wa kundi ana mamlaka matatu tu yanayomgusa mwanakundi: nani anaingia, nani anatolewa, na swali la nani linajibiwa. Kuanzia sasa kila somo lazima liguse mojawapo ya hayo. Lisilogusa tunalitoa. Na kuhudhuria ni hiari.

2 Februari 2025: Msingi mpya

Tumeweka kando fasili za kigeni, tumeanza na Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977. Ibara ya 13(5) inaeleza kubagua ni nini, na inataja utaifa, kabila, pahala mtu alipotokea, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia na hali ya maisha. Ulemavu haumo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo tumeongeza Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Yote yameenea kwenye ukurasa mmoja.

Siku imehamia Jumapili, saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni, baada ya watu kutoka kanisani.

17 Februari 2025: Ngazi na nauli

Kikao cha kwanza cha ana kwa ana kilifanyika jana, maeneo ya Ilala. Ukumbi shilingi 100,000, chakula 5,000 kwa sahani, mkalimani wa lugha ya alama 80,000, nauli 5,000 kwa kila mtu. Darasani kulikwenda vizuri. Kilichotusumbua ni mambo ya mlangoni.

Tulipokagua ukumbi tulitazama viti, feni na choo. Ulikuwa ghorofa ya pili bila lifti, na mwenzetu mmoja anatumia kiti mwendo. Vijana walimbeba. Alishukuru, akaketi, na wakati wa chai akasema kwa utaratibu kabisa kwamba kubebwa mbele ya watu anaowaongoza si kitu ambacho angekichagua. Kikao kijacho ni ukumbi wa chini, bei ileile. Anayeiga kazi hii apeleke mtu wa kiti mwendo kukagua ukumbi kabla ya kulipa.

Nauli sawa kwa wote ilionekana haki mpaka ilipogawiwa. Wa Sinza alibaki na chenji. Wa Chanika ilimwishia njiani. Mwenzetu asiyeona alikuja na msindikizaji kwa bajaji, akatumia mara tatu ya alichopewa. Sasa kila mtu anataja nauli yake halisi, msindikizaji analipiwa nauli na chakula, na fungu limepanda kutoka 150,000 hadi karibu 220,000 kwa kikao. Posho hatutoi. Wawili walijiondoa kwa sababu hiyo, na sikuwalaumu, maana mtu kuacha biashara yake Jumapili nzima ni gharama.

Jingine ni mkalimani. Saa tatu kwa mtu mmoja ni nyingi. Kufikia saa tisa na nusu mikono ilikuwa imechoka na vijana wetu viziwi walianza kukosa maneno. Kazi hii hufanywa na wakalimani wawili wanaopokezana. Tunaongeza wa pili.

5 Machi 2025: Sauti au maandishi

Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo lililotugharimu fikra nyingi kuliko yote.

Baada ya malalamiko ya yule kijana kiziwi, viongozi wa makundi mawili walipitisha kanuni haraka: hakuna ujumbe wa sauti, kila kitu kiandikwe. Kwa siku chache ilionekana tumepata dawa. Kisha akina mama wa makamo wakanyamaza. Tulipowapigia tukakuta wengi wao hawaandiki kwa urahisi, sauti ndiyo kalamu yao. Walioandika walichekwa herufi. Tulikuwa tumemfungulia mmoja mlango kwa kumfungia mwingine.

Tukajaribu kinyume chake: sauti zote ruksa, na anayehitaji maandishi aombe. Nayo ikashindwa. Kijana alieleza vizuri kwa nini: kuomba kila mara kunamfanya mtu aonekane mzigo, na jibu la kuku anayekufa likichelewa hadi kesho halina kazi tena.

Tulichokubaliana, na kinachokwenda mpaka leo, ni zamu. Kila kundi lina mwandishi wa zamu kuanzia saa moja jioni hadi saa nne usiku. Yeyote anatuma sauti kama kawaida. Mwandishi anasikiliza, kisha anaweka chini yake muhtasari wa sentensi mbili au tatu: tatizo, umri wa kuku, ushauri. Haandiki neno kwa neno. Kwa viziwi wengi lugha ya alama ndiyo lugha ya kwanza na Kiswahili cha maandishi kinafuata, hivyo sentensi fupi zinawafaa zaidi ya aya ndefu. Na jibu muhimu la maandishi, mwandishi huyohuyo analisoma kwa sauti kwa wale wasiosoma.

Mwenzetu asiyeona naye alitupa somo lake kwa kuweka simu mezani na kuwasha kwa sauti kubwa TalkBack, programu inayomsomea asiyeona kilichopo kwenye skrini. Mtu alikuwa ametuma emoji za moto mfululizo, na simu ikazitaja moja baada ya nyingine mpaka ukumbi ukatulia. Ikafuata picha ya kinyesi cha kuku bila maelezo. Simu ilisema tu kwamba kuna picha. Huyu ni mfugaji wa miaka mingi, anajua magonjwa kuliko nusu yetu, na kundi lilikuwa linamnyima nafasi ya kusaidia. Sasa kila picha inakuja na maneno: "Kinyesi chenye damu, vifaranga wa wiki nne, wameanza jana." Faida imewafikia na wenye macho, kwa kuwa picha peke yake haimwambii mtu umri wa kuku wala siku alizougua.

Gharama ya fedha hapa ni sifuri. Ya muda ni kubwa. Mwandishi wa zamu huchoka, na kundi lenye mwandishi mmoja tu lilisimama kabisa alipopata msiba.

16 Machi 2025: Ramadhani, na suala la nguruwe

Vikao vya ana kwa ana vimesimama hadi baada ya Idi. Kwa sasa kuna mazungumzo mafupi ya Telegram baada ya tarawehe, maandishi na sauti tu, bando linaloliwa ni dogo sana.

Nguruwe walitugawa. Wafugaji wengi wa Dar wanafuga kuku na nguruwe pamoja, wanaposti picha na bei, na baadhi ya Waislamu kundini wakaanza kulalamika, hasa mwezi huu. Admini mmoja alifuta matangazo yote ya nguruwe na kuandika kwamba yanachukiza. Wakristo wakaona kundi limeegemea upande. Admini wa kundi la pili akayaacha yote, na watu wakaondoka.

Tulilifanyia mazoezi kama kesi, bila kuulizana nani ana haki kidini. Swali lililosaidia lilikuwa: kundi hili ni la nini? Ni la kuku. Basi bata, sungura, mbuzi na nguruwe kila mmoja ana kundi lake, viungo vyake vimebandikwa juu, na tangazo lolote lisilo la kuku linahamishwa kwa maneno yaleyale bila kujali ni la mnyama gani. Aliyeandika neno la kuchukiza aliomba radhi mwenyewe. Naona kanuni hii imedumu kwa sababu hakuna anayeweza kuisoma akahisi inamlenga yeye.

10 Aprili 2025: Skrinshoti

Mazoezi yetu ya mwanzo yalitokana na skrinshoti za kweli zenye namba zilizofutwa. Haikutosha. Mtu mmoja aliyetajwa alitambulika kwa namna anavyoandika na kwa aina ya kuku wake wa kuchi, habari ikamfikia, akaumia, na alikuwa na haki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka hadhari zaidi kuliko kufuta namba. Tumemwomba radhi ana kwa ana na kuondoa karatasi zote. Kesi mpya tunazitunga kwa kuchanganya matukio kadhaa na kubadilisha mahali, mifugo na maneno. Uchapaji upya umetufikisha shilingi 90,000 kwa karatasi.

28 Aprili 2025: Utani

Somo la utani lilikuwa halimo kabisa kwenye zile slaidi za Januari, na ndilo ambalo viongozi waliliomba kuliko jingine lolote.

Jana lilichukua kikao kizima. Mzee wetu mmoja, admini wa siku nyingi, alisimama mapema: "Mkikataza utani, mtabaki na kundi la matangazo." Dada mmoja akamjibu, "Shikamoo baba, ila mimi nilikaa kimya miezi mingi kwa sababu ya huo utani." Tuliwapa wote wawili muda wa kutosha, nami naamini wote wawili walisema kweli.

Tulianza na utani unaofanya kazi. Wapare na Wachaga ni watani. Mchaga akiandika kundini kwamba Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, na Mpare akamrudishia kwamba Mchaga angeshamuuzia huyo kuku kwa bei ya ng'ombe, kundi linacheka na wote wawili wanaendelea kuulizana habari za chanjo. Utani wa jadi una pande mbili na una wajibu. Mtani anakusema, na msibani kwako mtani huyohuyo ana kazi yake na ruhusa zake. Sasa peleka maneno hayo kwenye kundi la watu elfu moja ambao hawajuani. Anayesema si mtani wa anayesemwa. Wanaoongezea ni kumi dhidi ya mmoja. Msiba wake hawataujua. Kinachobaki hapo ni kejeli iliyovaa jina la utani, na yule mzee wa Kitunda alikutana na hiyo.

Kutokana na mjadala huo viongozi wenyewe walitoa vipimo ambavyo admini anaweza kuvitumia akiwa kwenye daladala simu mkononi. Je, anayetaniwa amerudisha? Je, ni mmoja kwa mmoja au kundi zima juu ya mtu mmoja? Je, swali lake la kuku limejibiwa? Hicho cha mwisho kilitoka kwa yule dada, na nakithamini kuliko vyote. Kikikosa jibu la ndiyo, admini anajibu kwanza swali la kuku, kwa heshima na kwa ukamilifu, ndipo anarudi kwa waliocheka. Mara nyingi jibu zuri peke yake linazima kejeli.

Jambo moja halikupewa nafasi ya kupimwa. Maneno juu ya watu wenye ualbino au ulemavu hayana mtani, yanafutwa papo hapo na aliyeyaandika anatumiwa ujumbe. Nchi hii imezika watu wenye ualbino waliouawa kwa imani za kishirikina, na hakuna anayetaka kundi lake liwe mahali ambapo dharau hiyo inazoeleka.

Kwa hatua za kuchukua tuliazima mbinu tano za shirika la Right To Be, zinazofundishwa kwa watu wanaoshuhudia udhalilishaji: kugeuza mazungumzo, kuita mwingine asaidie, kuweka kumbukumbu, kumfuata aliyeumizwa baadaye, na kusema waziwazi. Viongozi wetu wengi waliogopa hiyo ya tano, hasa vijana wanapotakiwa kumkemea mtu mzima hadharani. Hatukuwalazimisha. Kumfuata aliyeumizwa kulipendwa mno, maana mtu yeyote anaweza kutuma ujumbe wa "Pole mama, nimeona, kuku wanaendeleaje?" Kwa aliyemzidi umri, kijana anamwita admini mzee aseme yeye, na wazee wetu wameikubali kazi hiyo kwa moyo.

26 Mei 2025: Inboksi

Kero ya akina mama tuliiacha mwisho kwa sababu ndiyo tuliyoihofia.

Jaribio la kwanza lilikuwa tangazo kali: ukimfuata mtu inboksi unatolewa. Halikusaidia, kwani ushahidi uko kwenye simu ya aliyefuatwa na wengi wanaona aibu kuuonyesha, tena kwa admini mwanaume. Chanzo kingine ni namba zenyewe: kwenye kundi la kawaida la WhatsApp kila mtu anaiona namba ya mwenzake.

Tuliyofanya: kila kundi sasa lina maadmini wanawake wasiopungua wawili, na majina yao yamebandikwa. Mama anaweza kumtumia mmoja wao swali, naye analiweka kundini kwa niaba yake bila jina wala namba. Matangazo ya jumla tumeyahamishia kwenye Jumuiya za WhatsApp, ambako kwenye sehemu ya matangazo namba za wanachama wa kawaida hazionekani kwa wenzao. Kule Telegram tumefundisha watu kuficha namba kwenye mipangilio. Malalamiko yakija, maadmini wawili wanayapitia pamoja, wanamsikiliza na mlalamikiwa, kisha wanaamua. Kutolewa kwa mara ya kwanza ni mwezi mmoja. Picha au maneno ya ngono ni moja kwa moja, hakuna kurudi.

Yule mama wa Mbagala amerudi. Sasa ni mmoja wa wanaopokea maswali.

22 Juni 2025: Hesabu

Bando 60,000. Kumbi 300,000. Chakula 450,000. Nauli 590,000. Wakalimani 400,000. Uchapaji 90,000. Jumla shilingi 1,890,000, imebaki 510,000. Nauli na wakalimani wamechukua zaidi ya nusu. Anayeandaa bajeti asianze na ukumbi kama tulivyofanya. Aanze na namna watu watakavyofika na watakavyoelewana, ndipo aone kilichobaki kinatosha ukumbi gani.

Ambalo halijatatuka ni uchovu wa waandishi wa zamu. Makundi mawili bado yana mmoja mmoja. Na viongozi wapya wanaendelea kuingia bila kupitia mafunzo, kwa hiyo kila mpya anapewa mwenyeji wa kumshika mkono kwa mwezi mzima, anayepitia naye kesi zilizotokea kundini wiki hiyo.

Karatasi za kesi, vipimo vya utani na maelezo ya zamu yote yanatolewa bure kwa kundi lolote litakaloomba. Badilisheni kuku wekeni kazi yenu. Fedha iliyobaki inakwenda kwenye kikao cha Septemba, na fungu la wakalimani limeshatengwa.